Ndugu wa Karatasi

Mkono ulioinuka juma lililopita bado uko juu.

Mnaukumbuka. Pasta Natanaeli alikuwa amesoma tangazo la ndoa kwa mara ya tatu: Elisée, fundi cherehani wa Mbarara, na Orpa, binti wa Sebagabo na Nyirabizimana wa hapa Rubondo, Jumamosi saa nne asubuhi. Akauliza kama kuna mwenye neno. Aliuliza kama anayeuliza kama kuna chumvi mezani, macho tayari kwenye wimbo unaofuata. Ndipo mkono ukainuka mstari wa nyuma, na kwenye mkono karatasi.

Alikuwa Pélagie, mama yake Sonia, mwenye mashine ya fotokopi pale sentani, kwenye maduka.

"Pasta, mi niko na neno. Hawa batoto babili hawawezi kuoana. Ni mutu na dada yake."

Kanisa zima likasema "hii!" kwa sauti moja. Kwaya haijawahi kupatana hivyo.

Niwaeleze kuhusu ile mashine. Kila mtu Rubondo hupeleka karatasi zake kwa Pélagie. Nakala nzuri unaondoka nayo. Ile iliyotoka na weusi pembeni inabaki katika katoni chini ya meza. Siri zetu pasta hazijui. Mungu anazijua, na katoni ya Pélagie inazijua.

Pasta akavaa miwani, akasoma. "Karatasi ya familia. Sebagabo, baba. Nyirabizimana, mama. Elisée, mtoto, mvulana. Orpa, mtoto, msichana."

Akavua miwani.

"Ni mutoto wa mu karatasi tu, Pasta!" Nyirabizimana, ambaye sisi wote tunamwita Mama Orpa, alikuwa amesimama kilemba kikiwa upande. "Si wa tumbo!"

"Sasa aliingia namna gani mu karatasi, Mama Orpa?" Pélagie akauliza, mpole kama maziwa. "Alijiandika yeye mwenyewe?"

Aliingia hivi. Mwaka 2004, siku familia hii ilipofika kambi hii ya wakimbizi kutoka Kivu ya Kusini, nyuma ya mstari wa kuandikishwa alisimama kijana wa miaka kumi na mitano, peke yake. Mwandishi akauliza huyu ni wa nani. Mama Orpa akasema ni wangu. Kijana akalala kwao miezi mitatu, kisha akaenda Mbarara kujifunza kushona, na kwao akawa anakuja kama mgeni, na sukari mkononi. Alihama mwenyewe. Jina lake halikuhama.

Na jina, wasomaji, linapewa posho. Kila mwezi kwa miaka tisa jina la Elisée lilipokea mahindi, maharage na mafuta, na mtu fulani akayapika.

"Mama Orpa," pasta akasema, "kanisa haliwezi kufungisha ndoa ya kaka na dada, hata wa karatasi. Niletee karatasi safi Ijumaa kabla ya saa sita, Elisée asiwe ndani. Isipokuja, Jumamosi tutakuwa na maombi ya kawaida."

Alisema kwa huzuni ya kweli. Paja la mbuzi lilikuwa limeshaandikwa jina lake.

Orpa alikaa pale na wasichana wa kwaya, mikono juu ya kitabu cha nyimbo, hakulia. Alimtazama mama yake tu. Mama yake akatazama chini. Maana ili jina litoke, mwenye kulitia ndiye aende dirishani pa ofisi, mbele ya mstari wa watu, aseme: nilidanganya. Na wakimuuliza nani alikula posho, aseme hilo pia. Mama Orpa ni prezida wa wamama wa maombi. Mwezi Juni tu alikuwa Ngarama, anawafundisha wamama wa huko amri ya nane.

*

Jumatatu alasiri komite ya harusi ikakutana kwa dharura uani kwa Mama Orpa.

Komite hii ina watu ishirini na watatu kwa harusi ya watu wawili. Prezida wake ni Modeste, anayetembea na mkoba hata akienda kuteka maji. Kiangazi hiki cha 2013 wametutembeza mpaka wenye nchi wanatuonea wivu. Tulikwenda ziwani kupiga picha, kwaya ikasimama ndani ya tope ikitazama mbali kama watu wenye mawazo. Wakaenda Kikagate kununua mchele, watu tisa kwa gunia moja. Wakaenda kuonja keki, wakaonja mpaka ile ya kuonyesha ikaisha, halafu wakaandika katika ripoti kwamba haikutosha kuamua.

Modeste akafungua mkoba. "Bandugu, kila kitu iko na njia. Elisée afe."

Wote wakamgeukia.

"Mu karatasi tu," akaongeza. "Tunamuandikisha kufa Jumatano, Jumamosi anaoa."

"Na pasta ataoanisha marehemu?" Mama Orpa akauliza.

Modeste akaliandika swali. "Basi tumutoe Orpa. Tuseme ni mutoto wa jirani."

"Utoe mutoto wa tumbo yangu? Modeste, nitakutoa weye mu hii komite leo leo!"

Wengine hawakusikia, maana walishaanza kuunda komite ndogo ya msiba wa Elisée, na wawili walikuwa wanagombania nafasi ya kugawa chai.

Simu ikalia. Alikuwa Mukamurenzi, dada yake Sebagabo, aliyepelekwa Amerika miaka minne iliyopita na tangu hapo anatupenda kwa kutuamrisha. Wakamweka kwa sauti kubwa.

"Nimesikia yote! Hiyo ni Mungu anasema! Muache huyo wa kushona suruali za batu. Huku kuko bwana mumoja, Semahoro, mutu wa kwetu, iko na motokari mbili, anatafuta bibi wa kwetu. Kaka yangu nilishamuambia tangu juzi: Orpa angoje."

"Hizo motokari mbili anaendesha zote mara moja?" Mama Orpa akajibu, akaikata simu.

Mtu mmoja hakucheka. Ni Papa Orpa, Sebagabo mwenyewe. Huyu bwana huchunga ng'ombe za Munyankole mmoja mwenyeji, ng'ombe ambazo hazitakuwa zake, na maneno yake kwa siku unaweza kuyafunga kwenye leso. Aliitazama ile simu kama mtu anayetazama sahani ikipita kwenda meza nyingine.

Mama Orpa akamwona mkono. "Papa Orpa, hii kidole yako kubwa, bulu ya nini?"

"Dawa ya ng'ombe," akasema Sebagabo. "Ile ya kidonda."

Akatia mkono mfukoni.

*

Jumatano komite ikaenda Mbarara kukodi gauni. Hakuna aliyejua kama ndoa ipo, lakini gari lilikuwa limeshakodiwa, na watu kumi na wanne walikuwa wameshavaa viatu.

"Nyabo, mama zangu, karibuni," akasema mama mwenye duka, Mganda mnene mwenye pini kumi mdomoni. "Bibi harusi ni nani kwa nyinyi?"

"Sisi wote," akajibu Modeste, "kwa njia ya komite."

Na kweli, kabla Orpa hajagusa gauni, wamama saba walilijaribu kwa niaba yake. Mmoja wa miaka sitini alizunguka mara tatu mbele ya kioo, akatoa ripoti kwamba kiuno kinabana. Modeste akaiandika.

Hatimaye Orpa akaingia nyuma ya pazia la kwanza. Mama Orpa akaingia nyuma ya pazia la pili na gauni lingine, eti kupima uzito wa kitambaa. Kitambaa hakipimwi bila kuvaliwa. Alipolivaa, zipu ikapanda mpaka mbavuni ikakaa hapo. Haikwenda juu. Haikurudi chini.

Angeita watu. Lakini prezida wa wamama wa maombi, ndani ya shela ya msichana, aite watu aseme nini? Akabaki amesimama, akimwomba Mungu wa zipu.

Ndipo akasikia sauti ya Elisée. Baraza anaposhonea ni mtaa wa pili kutoka pale, alikuwa amekuja mbio na tepu yake shingoni.

"Orpa, uko mu ndani?"

"Usiingie! Hawa bamama watakuua."

"Wamenichelewea. Huko inje batu banasema nilishakufa. Modeste amenipa pole."

Orpa akacheka. Kisha kicheko kikakatika.

"Elisée, Mama hawezi kwenda pale kwa ofisi. Namuona. Tangu juzi hakuli. Muombe weye. Akisikia ni weye ataenda."

Nje ya pazia Elisée akavuta tepu shingoni.

"Siwezi."

"Basi hunitaki."

"Sikia kwanza. Ile siku tulifika, mi nilikuwa nyuma ya mustari, viatu hakuna. Mwandishi akauliza, huyu wa nani? Batu bote bakaangalia chini. Mama yako akasema, huyu wangu. Tangu mama yangu alibakia mu njia, hakuna mutu alishasemaka ile neno juu yangu, Orpa. Sasa mi nimufuate nimuambie, Mama, rudia pale useme ulidanganya? Mi siwezi. Hata kama ni kwa kukuoa."

"Na ile posho yako yote?"

"Akule. Ningekuwa na ingine ningemuongezea."

Nyuma ya pazia la pili zipu ikasema kraaa.

"Nani huyo?" Orpa akashtuka.

Pazia likafunguka. Akatoka Mama Orpa na shela yote, mgongo wazi, machozi mpaka kidevuni. Mwenye duka akatema pini. "Eh, nyabo! Kumbe bibi ni wewe!"

Mama Orpa hakumsikia. Alikuwa anamtazama yule kijana na tepu yake.

"Elisée," akasema, "leta makasi. Unitoe mu hii kitu. Ijumaa niko na safari."

*

Ijumaa saa nne Mama Orpa alikuwa amefika dirishani pa ofisi. Sebagabo alimsindikiza, amemshikia mwavuli mweusi wa jua. Modeste alikuja kama ujumbe wa komite, na mkoba. Nyuma yao mstari ulikuwa na watu zaidi ya thelathini, na kila mmoja alijua Mama Orpa amekuja kusema nini.

Karani alikuwa kijana wa huku huku Uganda, shati limepigwa pasi. "Sema nyabo. Unataka kuongeza nani?"

"Kupunguza."

"Rudia?"

"Kupunguza, mutoto wangu. Nataka kupunguza mutu."

Karani akaacha kuandika. "Mimi niko hapa miaka mitatu. Watu wanakuja kuongeza tu. Ongeza mtoto, ongeza shemeji, ongeza babu. Kupunguza sijaona. Amekufa?"

Modeste akakohoa kwa matumaini.

"Hakufa," akasema Mama Orpa. Dirisha lile lina waya, na ukitaka usikike lazima upaze sauti. Yeye sauti anayo, ni ya maombi ya kufunga. "Anaitwa Elisée. Si mutoto wangu wa tumbo. Nilimukuta mu mustari ile siku tulifika, nikasema ni wangu. Anakaa Mbarara tangu ile mwaka. Anataka kuoa binti yangu."

"Na chakula chake kwa hii miaka?"

Mama Orpa akashika waya.

"Nilikula. Mahindi, maharage, mafuta. Miaka tisa. Na kila siku nilishukuru Mungu juu ya ile sahani. Andika."

Hakuna aliyecheka. Mama Orpa alikuwa amekaza mgongo kungoja kicheko, na kicheko hakikuja.

Kilichokuja ni vumbi la miguu. Watu kumi na mmoja wakakumbuka kwa ghafla kwamba wameacha sufuria motoni. Maana ni nani Rubondo asiye na mtu mmoja wa ziada kwenye karatasi? Modeste, ambaye mama mkwe wake alirudi Kongo mwaka 2009 na bado anakula mahindi hapa bila shida ya meno, alikuwa wa pili kuondoka. Mkoba aliusahau.

Karani akaandika yote, akaweka kalamu chini.

"Nyabo, hiyo ya chakula wakubwa watakuita. Siwezi kukudanganya. Lakini nitaandika umekuja wewe mwenyewe, kwa miguu yako, hakuna mtu amekushika." Akavuta mashine yake ya kompyuta karibu. "Kijana namtoa. Karatasi mpya unabeba saa hii hii."

"Haleluya," akasema Mama Orpa, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kumsikia nayo kanisani. Saa kwenye ukuta ilikuwa tano na dakika ishirini. Mpaka kwa pasta ni nusu saa kwa pikipiki. Gauni lilikuwa limeshonwa zipu mpya, kwa mkono wa bwana harusi mwenyewe. Mbuzi wamefungwa. Mchele wa watu tisa uko ndani. Kesho Orpa anaolewa.

"Ngoja kidogo," akasema karani.

Akasogeza uso kwenye mashine.

"Kijana akitoka kwenu anaingia wapi? ... Ah, iko tayari. Fomu iliingia hapa Jumatatu. Anahamia kwa karatasi ya mama mmoja, Pélagie."

"Pélagie gani?"

"Wa fotokopi. Anaingia kama bwana ya binti yake. Binti anaitwa Sonia." Akainua kichwa, akatabasamu kama mtu anayeleta habari njema. "Ilikuwa inangoja tu wewe umtoe kwako. Nikibonyeza hapa, kwisha. Ameoa."

"Ameoa nani? Anaoa kesho! Anaoa Orpa!"

"Kwa mashine anaoa Sonia."

"Basi usibonyeze! Muache kwangu!"

"Nikimwacha kwako, nyabo, ni kaka ya binti yako. Pasta yako atasema nini?"

Sasa Mama Orpa aliuelewa mkono wa Jumapili. Pélagie hakuinuka kanisani ili kuzuia ndoa. Aliinuka ili Mama Orpa amtoe Elisée na kumfungulia Sonia mlango.

"Ifute hiyo fomu," akasema. "Elisée hajui kitu! Hakutia mkono wake!"

"Si lazima yeye. Mtu akihama, aliyemwandikisha ndiye anamtoa, na mwenye karatasi ndiye anakubali aende wapi. Na mwenye karatasi amekubali." Karani akaitoa fomu kwenye faili, akaibandika kwenye waya ili aione. "Na kufuta, ni huyo mwenye karatasi peke yake anaweza. Mwambie afike hapa kabla hatujafunga saa sita. Sasa, nyabo, nibonyeze ama nisibonyeze?"

Chini ya fomu hapakuwa na jina. Mtu aliyekubali hajui kuandika. Palikuwa na alama ya kidole kikubwa cha mkono, pana, iliyokandamizwa vizuri.

Ya bulu.

Mama Orpa akakumbuka zile motokari mbili, akageuka. Nje, katika lile jua, mwavuli wake mweusi ulikuwa unaondoka kwa haraka kuelekea kwenye pikipiki, na mwenye kuushika alikuwa ameweka mkono mmoja mfukoni.

Dawa ya ng'ombe inatoka kwa sabuni, wasomaji wangu. Suruali za nyumba ile anazifua Mama Orpa mwenyewe, na tangu Jumatatu mfuko ule alikuwa ameusugua mara mbili, na bulu haikutoka.